Moshi wa Kipupwe Johannesburg: Mjadala wa Jiko, Umeme na Dari

Moshi wa majumbani ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya uchafuzi wa hewa katika vitongoji vya Johannesburg wakati wa kipupwe, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti. Hutoka katika majiko ya chuma yanayotumia makaa ya mawe na kuni, na katika imbaula, yaani pipa au ndoo ya bati iliyotobolewa matundu ubavuni, ambayo huwashwa uani kisha ikaingizwa ndani. Maeneo yanayotajwa zaidi ni Soweto, Alexandra, Orange Farm na makazi ya vibanda vya mabati yaliyotawanyika pembezoni mwa jiji.

Johannesburg iko kwenye nyanda za juu za Highveld, mita 1,750 hivi kutoka usawa wa bahari. Kipupwe chake ni kikavu. Usiku mbingu huwa wazi, ardhi hupoteza joto upesi, na hewa iliyo karibu na ardhi hupoa na kutuama mabondeni. Juu yake hutanda tabaka la hewa yenye joto zaidi, ambalo huizuia hewa ya chini isipande. Moshi uliotoka jioni hubaki katika kimo cha pua za watu hadi jua la siku ya pili lipashe ardhi. Ndiyo maana mabonde ya mto Klip upande wa Soweto, na ya Jukskei unaopita Alexandra, huamka yakiwa na utando wa kijivu. Vituo vya kupima hewa vitongojini huonyesha vilele viwili kwa siku, kimoja asubuhi na kingine jioni, katika saa zilezile ambazo watu huwasha moto.

Kinachohofiwa zaidi katika moshi huo ni chembe laini zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5. Kwa udogo wake, hupita puani na kooni bila kuzuiwa, zikafika ndani kabisa ya mapafu. Sheria ya Afrika Kusini iliweka kikomo cha wastani wa saa 24 kuwa maikrogramu 40 kwa kila mita ya ujazo wa hewa kuanzia 2016, kikomo kinachotarajiwa kushuka hadi 25 mwaka 2030. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 ni mkali zaidi: maikrogramu 15. Hakuna anayebisha kwamba moshi upunguzwe. Mabishano ni kuhusu mahali pa kuanzia.

Hoja inayojadiliwa

Hoja ni hii: juhudi za kupunguza moshi wa majumbani Johannesburg zianze na jiko na namna ya kuliwasha, kabla ya umeme, nyumba au sheria. Pande zinazosikika hapa ni mtoa hoja, mpinga hoja na wachangiaji watatu. Kila mmoja anabeba msimamo ambao umekuwa ukitolewa kwa miaka mingi na wahandisi, maofisa wa serikali, watafiti wa makazi na vyama vya kutetea mazingira.

Mtoa hoja: moto uwashwe kutoka juu

Mtoa hoja anaanza na namna makaa ya mawe yanavyoungua. Katika uwashaji wa mazoea, karatasi na vijiti huwekwa chini na makaa hupangwa juu. Moto unapopanda, makaa ya juu hupata joto kabla ya kushika moto. Joto hilo hutoa ndani yake gesi na lami, na kwa kuwa juu hakuna mwali wa kuviunguza, huruka vikiwa moshi mzito wa manjano na kijivu. Moshi mwingi wa kitongoji hutoka katika dakika hizi za mwanzo, kabla chungu hakijapandishwa jikoni.

Dawa yake ni kubadili mpangilio. Makaa mengi hutangulia chini, karatasi na vijiti hufuata juu yake, moto huwashwa, na vipande vichache vya makaa huongezwa juu vijiti vinaposhika. Moto hushuka polepole. Gesi zinazotoka kwenye makaa ya chini hulazimika kupita katika moto ulio juu yake, nazo huungua badala ya kuruka. Mbinu hii hujulikana kwa jina la Kizulu, Basa njengo Magogo, yaani washa kama bibi. Ilienezwa na taasisi ya Nova katika kitongoji cha eMbalenhle, mkoani Mpumalanga, na mwaka 2003 Wizara ya Madini na Nishati iliipeleka Orange Farm, kusini mwa Johannesburg. Vipimo vya maabara vya baraza la utafiti la CSIR, na baadaye vya Chuo Kikuu cha Johannesburg, vilionyesha kwamba chembe za moshi hupungua kwa takriban asilimia 80 au zaidi.

Nguvu ya mbinu hiyo, anasema, ni kwamba haihitaji kununua chochote. Jiko ni lilelile, makaa ni yaleyale kutoka kwa mwenye duka la makaa au mkokoteni wa farasi, na mafunzo humalizika kwa onyesho moja uani. Makaa yanayotumika hupungua, na jiko huwa tayari kwa kupikia mapema zaidi. Hata anayetumia kuni ana la kufanya: kuni ziwe kavu, zipasuliwe ndogo, na zisiwe mbao zenye rangi au dawa ya kuzuia mchwa, ambazo moshi wake una sumu zaidi. Anahitimisha kwa swali: ikiwa kuna njia inayoweza kutumika kipupwe hiki bila gharama, kwa sababu gani isitangulie?

Mpinga hoja: moshi ukiisha, sumu haijaisha

Mpinga hoja hakatai fizikia hiyo. Anachokataa ni kuigeuza kuwa sera. Kwanza, maabara si nyumba. Anayepima huwasha jiko mara moja na kuliacha liungue hadi mwisho. Anayepika huongeza makaa katikati, na kila makaa mabichi yanapotupwa juu ya moto, moshi hurudi. Pili, mazoea mapya yanahitaji kukumbushwa kila mwaka. Mradi ukifungwa na wafundishaji wakiondoka, watu wengi hurudia walivyozoea.

La tatu ndilo analolitilia mkazo zaidi. Makaa yaliyokwisha kutoa moshi na kubaki mekundu huendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Imbaula huingizwa ndani hasa pale moshi unapokoma, milango ikafungwa kwa sababu ya baridi, na familia ikalala. Kila kipupwe nchini Afrika Kusini huripotiwa watu waliokutwa wamekufa hivyo. Mbinu inayoondoa moshi unaoonekana bila kuondoa gesi isiyoonekana inaweza kumfanya mtu aamini kwamba moto wake sasa ni salama.

Mtoa hoja anajibu kwamba hatari ya imbaula ilikuwapo kabla ya mbinu hiyo, na kwamba kila onyesho linapaswa kuambatana na onyo la kutolaza moto ndani. Mpinga hoja anaona jibu hilo linathibitisha hoja yake: moto ambao lazima utolewe nje saa ambayo baridi ni kali zaidi haujatatua shida ya mwenye nyumba.

Kwa upande wake, suluhisho ni umeme, na historia inampa ushahidi. Sehemu kubwa ya Soweto haikuwa na umeme majumbani hadi miaka ya 1980, ilhali jiji lililo jirani lilikuwa limewaka taa kwa vizazi. Baada ya ubaguzi wa rangi kumalizika mwaka 1994, serikali mpya iliunganisha mamilioni ya nyumba, na sensa ya 2022 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya kaya nchini zinatumia umeme kwa taa. Jiko la umeme halina dohani wala majivu, wala halimwamshi mtu alfajiri kwenda kuchanja kuni. Kitongoji kilichohamia kwenye umeme kikamilifu, anasema, hakihitaji kufundishwa kuwasha moto.

Mchangiaji wa kwanza: nyaya zipo, pesa hazipo

Mchangiaji wa kwanza anauliza swali moja: ikiwa umeme umefika, kwa nini moshi haujaondoka? Watafiti waliopita Soweto na kwingineko walikuta jambo lilelile mara nyingi. Nyumba ina mita ya umeme, taa, televisheni na friji, na bado jiko la makaa limesimama jikoni likisubiri Juni. Umeme hautumiki badala ya makaa. Hutumika pamoja nayo. Kaya hugawa kazi kulingana na gharama: taa na birika kwa umeme, joto kwa makaa au kuni.

Sababu yake huonekana kwa hesabu fupi. Tangu 2003 sera ya taifa huzipa kaya maskini uniti 50 za umeme bure kwa mwezi. Hita ya kilowati 2 humaliza uniti hizo kwa saa 25. Ikiwashwa saa tano kila jioni, msaada wa mwezi mzima huisha siku ya tano. Makaa hupasha nyumba, hupika, huchemsha maji ya kuoga na kukausha nguo, yote kwa moto mmoja. Kuni za mbao chakavu mara nyingi hazinunuliwi kabisa.

Zaidi ya bei kuna uhakika. Mgao wa umeme ulianza kuitikisa nchi mwishoni mwa 2007, ukafikia kilele mwaka 2023 na kusitishwa Machi 2024. Soweto, ambayo sehemu yake kubwa huuziwa umeme na shirika la Eskom moja kwa moja, ilikuwa na adha nyingine: Eskom ilikata umeme saa za asubuhi na jioni katika maeneo iliyoyaona yamezidiwa na miunganisho isiyo halali. Saa hizo ndizo za kupika na kuota moto. Mwenye jiko la makaa aliyeliuza ili anunue la umeme angekaa gizani na kwenye baridi.

Mpinga hoja anakubali kwamba bei ni tatizo, lakini anasema bei hupangwa na watu na inaweza kupangwa upya. Ruzuku ya kipupwe ingegharimu serikali pesa. Makaa nayo hugharimu hospitali. Mtoa hoja anaingilia kati kwa swali la kumbana: umeme huo wa Eskom unatoka wapi, ikiwa si kwenye vituo vya Mpumalanga vinavyochoma makaa yaleyale? Jibu la mpinga hoja ni kwamba mahali moshi unapotokea pana uzito. Dohani ya kituo cha umeme huumwaga mamia ya mita juu, mara nyingi juu ya lile tabaka linalofunika bonde; dohani ya nyumba huumwaga dirishani kwa jirani. Hata hivyo anakiri kwamba jibu hilo halimfariji anayeishi eMalahleni, katikati ya migodi na vituo hivyo.

Mchangiaji wa pili: tatizo ni baridi

Mchangiaji wa pili anaona kwamba pande zote zimeanza mahali pasipofaa. Zinazungumza juu ya jiko kana kwamba kazi yake ni kupika. Mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania, unaweza kuzungumza hivyo, kwa sababu mkaa wa Dar es Salaam ni wa chungu. Katika Johannesburg, ambako usiku wa Julai hukaribia nyuzi 4 na mara nyingine kushuka chini ya sifuri, jiko ni hita kwanza na jiko baadaye. Mkazi wa nyanda za baridi kama Makete, Tanzania, au Nyandarua, Kenya, ataelewa upesi. Kwa hiyo jiko la gesi ya mitungi, ambalo ni safi na la haraka, linaweza kupika vizuri na bado likaacha imbaula mahali pake, kwa sababu halikugusa sababu ya imbaula kuwapo.

Baridi hiyo si ya hali ya hewa peke yake. Ni ya ujenzi. Nyumba za vyumba vinne zilizojengwa kwa maelfu Soweto wakati wa ubaguzi wa rangi, za aina iliyojulikana kama 51/6, nyingi zilikabidhiwa bila dari. Nyumba za ruzuku zilizojengwa baada ya 1994 zilikuwa ndogo, na kwa miaka mingi ruzuku haikulipia dari isipokuwa katika ukanda wa pwani ya Cape wenye unyevunyevu. Kanuni zilibadilika mwaka 2014, lakini nyumba zilizokwisha kujengwa zilibaki zilivyo. Bati lisilo na dari hupitisha joto usiku kucha. Kibanda cha mabati matupu hupoa hadi kulingana na nje. Anayechoma makaa ndani ya nyumba kama hiyo hupasha moto mbingu.

Pendekezo lake ni dari, kuzibwa nyufa na kuwekwa kizuizi cha joto chini ya bati. Mradi wa Kuyasa, Khayelitsha, jijini Cape Town, uliosajiliwa mwaka 2005 chini ya utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza hewa ukaa, uliweka dari, hita za maji za jua na taa zinazotumia umeme kidogo katika zaidi ya nyumba 2,000. Dari hufanya kazi bila mafunzo, bila kuwashwa na bila bili. Hupunguza haja ya joto, iwe joto hilo linatoka kwenye makaa, kuni, gesi au umeme.

Mtoa hoja anauliza kuhusu wapangaji wa vibanda vya uani na wakazi wa makazi yasiyo rasmi, ambao hawana pa kutundika dari. Mchangiaji wa pili anakubali kwamba kwao dari haitoshi, na kwamba hao ndio wanaotegemea imbaula zaidi. Kwao anarudi kwenye mbinu ya mtoa hoja, kwa muda, pamoja na onyo la gesi.

Mchangiaji wa tatu: nani aanze kubanwa?

Mchangiaji wa tatu anauliza nani anabebeshwa mzigo wa kubadilika. Sheria ya kuzuia uchafuzi wa hewa ya 1965, nambari 45, iliyofuata mfano wa Uingereza wa 1956, iliruhusu mabaraza ya miji kutenga maeneo ya kudhibiti moshi. Ilitumika katika mitaa ya wazungu yenye umeme. Vitongoji vya Waafrika viliachwa nje. Uingereza yenyewe, baada ya ukungu mzito wa moshi uliofunika London Desemba 1952, haikuishia kupiga marufuku: wenye nyumba walilipiwa sehemu ya gharama za kubadili meko. Marufuku isiyo na ruzuku, anasema, ni faini kwa umaskini.

Sheria mpya ya ubora wa hewa ya 2004, nambari 39, iliandikwa chini ya Katiba ambayo kifungu chake cha 24 kinampa kila mtu haki ya mazingira yasiyodhuru afya yake. Mwaka 2006 ukanda wa Vaal Triangle ulitangazwa kuwa eneo la kipaumbele, nao unajumuisha sehemu za Soweto na Orange Farm. Highveld ikafuata 2007. Viwanda vilipewa viwango vya lazima mwaka 2010. Eskom na kampuni ya Sasol ziliomba muda zaidi, na sehemu ya masharti ziliyopewa ilikuwa kupunguza moshi wa majumbani katika jamii zinazozunguka mitambo yao. Huko KwaZamokuhle, karibu na Hendrina, Eskom ilifanya majaribio ya kubadilisha majiko ya makaa na kuboresha nyumba.

Wanaounga mkono utaratibu huo husema kwamba fedha ileile, ikitumiwa jikoni, huondoa moshi mwingi zaidi katika hewa inayovutwa na watu. Vyama vya kutetea mazingira kama groundWork hujibu kwamba salfa dayoksaidi ya kituo cha umeme haifutwi na dari ya nyumba moja, na kwamba familia yenye imbaula isigeuzwe kuwa kisingizio cha kuchelewesha vichujio vya dohani za vituo hivyo. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria, katika kesi iliyofunguliwa na groundWork na vuguvugu la Vukani, iliamua kwamba hewa ya eneo la kipaumbele la Highveld inakiuka haki ya kifungu cha 24.

Mtoa hoja hapingi hukumu hiyo. Anasema tu kwamba mtoto anayekohoa leo hawezi kungoja rufaa. Mchangiaji wa tatu anajibu kwamba mtoto huyo huvuta hewa ya vyanzo vyote kwa pamoja, ikiwamo ya magari, ya takataka zinazochomwa na vumbi la vilima vya taka za migodi ya dhahabu, na kwamba kuanza na jiko kusiwe sababu ya kuishia hapo.

Majumuisho

Mambo matatu yamekubaliwa na pande zote. Uwashaji wa kutoka juu hupunguza moshi wa makaa kwa kiasi kikubwa, lakini hauondoi hatari ya kaboni monoksaidi, wala haudhibiti moshi wa makaa yanayoongezwa baadaye. Umeme ukifika bila bei inayomudu joto la kipupwe, hubadilisha taa kuliko moto. Na nyumba isiyo na dari hufuja joto la aina yoyote, safi au chafu.

Hoja, jinsi ilivyotolewa, inasimama kwa sehemu tu. Jiko linaweza kutangulia kwa wakati, kwa kuwa ndilo pekee linaloweza kushughulikiwa msimu huohuo bila kungoja bajeti. Haliwezi kutangulia kwa uzito, kwa kuwa kinachowasha moto wa Johannesburg ni baridi ya ndani ya nyumba. Kipimo kinachofaa kwa kila mradi, uwe wa jiko, gesi, umeme au dari, ni kimoja: je, saa tatu usiku mwezi wa Julai, familia ina joto bila kuingiza moto ndani? Mradi unaojibu ndiyo kwa upishi pekee utaikuta imbaula bado ipo.

Tofauti iliyobaki ni ya nani alipe. Mtoa hoja anaridhika na elimu ya uwashaji kwa sababu haimdai mtu fedha. Mpinga hoja anaitaka hazina ya taifa ishushe bei ya uniti za kipupwe. Mchangiaji wa kwanza hana imani na bei nafuu ya umeme unaokatwa saa za kupika, na anataka uhakika wa umeme utangulie. Mchangiaji wa pili anataka wizara ya makazi irudi kwenye nyumba ilizojenga bila dari. Mchangiaji wa tatu anataka mchafuzi mkubwa alipe pande zote mbili, kichujio kwenye dohani yake na dari kwa jirani yake, bila kimoja kufidia kingine.